Ndivyo Zilivyo

Je, mtu anaweza kuwakosea wenzake kwa kuamini tu? Sisemi kudanganya, wala kuiba, wala kumpiga mtu. Nasema kukaa zako ukiamini kwa moyo mweupe kwamba jambo fulani liko sawa, kumbe haliko. Wengi tutajibu hapana. Kama mtu ameamini kwa dhati, utamshika kwa kosa gani? Angejua, angefanya kitu. Hakujua, basi tumwache.

Mwaka wa 1877 Mwingereza mmoja, William Kingdon Clifford, mwanahisabati aliyependa pia falsafa, alikataa jibu hilo. Katika insha yake juu ya maadili ya kuamini alitunga kisa cha mwenye meli. Meli ni kuukuu, imeshatengenezwa mara nyingi, na kuna watu waliomnong'oneza mwenyewe kwamba pengine haifai tena kwenda baharini. Sasa iko karibu kung'oa nanga ikiwa imebeba familia zinazohamia nchi nyingine. Mwenye meli ana wasiwasi. Anajua kuikagua na kuirekebisha ni gharama. Basi anaanza kujituliza: meli hii imepita dhoruba ngapi na ikarudi? Mungu atawaacha vipi watu wanaokwenda kutafuta maisha? Taratibu wasiwasi unayeyuka, na mwishowe anaamini kabisa, bila unafiki, kwamba meli ni nzima. Meli inazama katikati ya bahari. Yeye analipwa bima yake na hasemi neno.

Clifford anasema mtu huyu ana hatia ya vifo vile. Aliamini kwa dhati, ndiyo, lakini hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini, kwa ushahidi aliokuwa nao. Halafu anaongeza jambo linaloudhi watu hadi leo: hata kama meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ile ile. Hayakuwa maneno ya mtu aliyeiona bahari kwenye picha tu. Mwaka wa 1870, akiwa kwenye msafara wa kwenda kutazama kupatwa kwa jua, meli aliyopanda ilivunjika karibu na Sicily, naye akanusurika.

Nilimsoma Clifford kabla sijaacha chuo. Mengi niliyosomeshwa kule yameshanitoka kichwani, lakini mwenye meli amebaki. Na siku hizi, nikitaka kumwelezea mtu swali lake, situmii meli. Natumia usukani wa gari la mjomba wangu.

Mjomba ni mwalimu mstaafu, anakaa Nakuru. Ana Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1983, lile umbo ambalo wapenzi wa magari huliita W123. Yalitengenezwa kuanzia 1976 hadi katikati ya miaka ya 1980, karibu milioni 2.7 kwa jumla, na hapa Kenya kwa muda mrefu yalikuwa magari ya wakubwa. Leo yaliyotunzwa sana utayaona yamepigwa polishi kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. La mjomba si la maonyesho. Lina kazi. Kila Jumapili huwachukua wamama wanne huko Njoro na kuwaleta kanisani mjini, kisha huwarudisha.

Usukani wa gari hilo ulikuwa unacheza. Barabara imenyooka, lakini mikono ya mjomba haitulii: kushoto kidogo, kulia kidogo, kama waigizaji wa zile filamu za zamani wanaoendesha gari lililosimama studioni. Siku moja nilikuwa nimekaa mbele, na mmoja wa wale wamama akauliza kutoka nyuma, kwa adabu zote, "Mwalimu, mbona usukani unazungushwa hivyo na barabara ni nyoofu?"

Mjomba akacheka. "Hii ni Benz ya zamani, Mama. Ndivyo zilivyo."

Gari zima likacheka. Mazungumzo yakarudi kwa bei ya unga.

Nimeifikiria sana sentensi ile, ndivyo zilivyo, kwa sababu haikuwa uongo mtupu. Ingekuwa uongo mtupu, ingekuwa rahisi kuikataa. Ukweli ni kwamba magari ya aina ile hayageuzi magurudumu kwa mtambo mwepesi kama ulioko kwenye magari mengi madogo ya leo. Yana boksi la usukani. Ndani yake kuna chuma chenye mzingo kama skrubu nene, na juu ya chuma hicho hupanda na kushuka nati inayotembea kwa gololi ndogo. Nati hiyo huzungusha meno, na meno huzungusha mkono unaotokeza chini ya gari. Boksi kama hilo, hata likiwa jipya kutoka kiwandani, huwa na ulegevu mdogo pale katikati. Kwa hiyo kuna kiasi fulani ambacho kweli ni "ndivyo zilivyo". Lakini sentensi ile haikuwa na kipimo. Ilifunika ulegevu wa kidole kimoja na wa kiganja kizima kwa blanketi moja.

Tena usukani wa pawa huleta mkanganyiko wake. Francis Davis, mhandisi Mmarekani, aliuonyesha ukifanya kazi mwaka wa 1926, lakini ilichukua hadi 1951 kwa gari la kwanza la kuuzwa kwa watu wa kawaida, Chrysler Imperial, kutoka nao. Kazi yake ni moja: kupunguza nguvu ya mikono. Injini huzungusha pampu, pampu husukuma mafuta, mafuta husaidia kusukuma yale meno. Mafuta yakipungua au pampu ikichoka, usukani huwa mzito na mara nyingi hulia. Ulegevu ni ugonjwa mwingine. Huo kwa kawaida uko kwenye vyuma na mipira iliyolika. Hata hivyo utamwona mtu akiongeza mafuta ya usukani kila wiki akitarajia kuponya gari linaloyumba, kama mtu anayemeza dawa ya malaria kwa sababu jino linamuuma.

Sasa fikiria safari ya mwendo kutoka mkononi hadi kwenye tairi. Unapita kwenye chuma cha usukani, kisha kwenye kiungo laini chini yake, kisha boksi, kisha mkono wa boksi, kisha fimbo ndefu inayovuka chini ya injini. Upande wa pili wa gari kuna mkono mwingine unaoishikilia fimbo hiyo kwa bushi. Kwa magari yetu yenye usukani wa kulia, huo uko upande wa abiria. Baada ya hapo kuna tairodi mbili zenye viungo kila mwisho, boli jointi, na beringi za magurudumu. Ni kama salamu inayopitishwa mdomo kwa mdomo kijiji kizima. Ikifika imepotoka, mmoja kati ya hao ndiye aliyeipotosha. Kusema "kijiji kiko hivyo" hakukuambii ni nani.

Kuna njia mbili za kukwepa kujua ni nani, na mjomba aliletewa zote mbili. Gereji moja ilimwambia abadilishe kila kitu, boksi na viungo vyote. Jibu hilo lina sura ya uangalifu, lakini ukilipeleleza utaona ni uvivu wenye bei kubwa: wanabadilisha vyote kwa sababu hawajataka kutafuta kimoja. Fundi mwingine alijitolea kukaza skrubu. Juu ya boksi kuna skrubu ndogo yenye nati ya kuifungia. Ukiikaza, meno ya ndani yanasogeleana na ulegevu unapungua. Dakika tano, umemaliza, na mwenye gari akiendesha mita mia mbili anatabasamu.

Skrubu ile haina ubaya wowote ikiwa boksi ndilo lenye tatizo, na ikiwa inakazwa kwa kipimo. Ubaya ni kuikaza ili kuficha kitu kilicholika mahali pengine. Meno ya boksi hulika zaidi katikati, kwa sababu muda mwingi tunaendesha tukielekea mbele. Ukilikaza hadi katikati pasicheze kabisa, basi ukikata kona unafika kwenye meno ambayo hayajalika, na hapo panabana. Gari linatoka kwenye kona, usukani hautaki kurudi wenyewe. Umebadilisha hatari unayoisikia mkononi kila siku kwa hatari itakayokuja siku moja kwa ghafla. Na kile kilicholika bado kinalika, kimya kimya sasa, kwa sababu umekinyima sauti.

Njia ya tatu ni ya kuchosha kidogo, nayo inahitaji watu wawili. Fundi wa jua kali tuliyempata aliweka gari juu ya shimo, magurudumu yakiwa yamekanyaga chini, injini inanguruma ili pawa ifanye kazi. Akaniambia nikae kwenye usukani niutikise, kidogo tu, kushoto kulia, kushoto kulia, bila kugeuza magurudumu. Yeye akashuka shimoni na tochi. Alishika kiungo kimoja baada ya kingine kwa vidole. Mjomba alimuuliza kutoka juu anatafuta nini.

"Natafuta mahali mwendo unaingia na hautoki," akajibu.

Ndiyo hesabu yote. Kiungo kizima, upande mmoja ukisogea na wa pili unasogea papo hapo. Kiungo kilichokufa, upande mmoja unasogea na wa pili unasubiri. Baada ya hapo aliinua magurudumu ya mbele kwa jeki na kuyatikisa moja moja, kwanza akishika juu na chini, ambapo beringi na boli jointi husema ukweli, kisha akishika kushoto na kulia, ambapo tairodi husema wake.

Boksi lilikuwa zima. Bushi ya ule mkono wa upande wa abiria ndiyo iliyokuwa imekwisha, mpira umesagika, na kiungo kimoja cha tairodi kilikuwa kinaelekea huko. Bei ya vyote viwili haikufika ya kujaza tangi.

Mjomba hakuamini. Simlaumu, kuna mafundi waliowahi kumla pesa, na mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Fundi hakubishana naye. Alisema tu, "Shuka uone, Mwalimu." Mzee akavua koti, akashuka. Mimi nikatikisa usukani tena, na tena, na tena. Alikaa kule chini kama dakika tano bila kusema kitu. Kisha nikasikia sauti yake, ndogo, chini ya miguu yangu.

"Hii ilikuwa inafanya hivi na wale wamama wakiwa ndani?"

"Ndio, Mwalimu," fundi akasema. "Ilikuwa inafanya."

Jumapili iliyofuata wamama walikwenda kanisani kwa matatu. Hakuna aliyeumia, hakuna aliyewahi kuumia. Na hapa ndipo swali la Clifford linakuwa gumu, kwa sababu kwa sheria yake mjomba wangu ni mwenye meli ambaye meli yake ilifika salama.

Je, ni kweli? Nadhani Clifford ana haki kuhusu jambo kubwa lakini kuna mtu amemsahau. Mwenye meli wake alikuwa na wasiwasi akaunyonga kwa mikono yake. Mjomba hakuwahi kuwa na wasiwasi wowote. Bushi hailiki kwa siku moja. Inalika unywele kwa unywele, na kila unywele mikono ya dereva inajifunza kuufidia. Usukani ukichelewa kidogo, mikono inawahi kidogo. Baada ya miaka, dereva anaendesha gari bovu kwa ustadi mkubwa na hajui kwamba ustadi huo ndio unaomficha ubovu. Mpe mtu mwingine gari lile lile, mita hamsini tu na atapiga kelele. Kwa hiyo anayelijua gari kuliko watu wote ndiye shahidi mbaya kuliko wote. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Taabu yake mojawapo ni kwamba hayana sauti.

Mtu wa namna hii hatuwezi kumhukumu kama yule wa meli. Hakuua shaka, maana shaka haikuzaliwa. Lakini hatia yake, kama ipo, ina saa yake. Inaanza pale mtu mwingine anapouliza. Yule mama wa kiti cha nyuma hakuwa fundi, hakujua bushi ni nini, lakini alikuwa na kitu ambacho mjomba hangeweza kuwa nacho: hakuwa amezoea. Swali lake lilikuwa ushahidi. Kabla ya swali, mjomba alikuwa hajui. Baada ya swali alikuwa na nafasi ya kujua, na akaijaza kwa kicheko.

Tuna methali ya nyani asiyeona kundule, na kawaida tunaitumia kama tusi. Mimi naiona kama maelezo tu ya umbile. Nyani hawezi kuliona, hata awe mnyenyekevu namna gani. Anahitaji nyani mwingine. Ndivyo ilivyo pia kwa usukani: hakuna mtu anayeweza kukaa kwenye kiti akiutikisa na wakati huo huo awe shimoni akikitazama kiungo. Kwa hiyo wajibu wa mtu mmoja hauwezi kuwa kuona kila kitu. Wajibu wake ni kumwachia mwenzake nafasi ya kuona, na kushuka akiambiwa shuka.

Kuna watakaoniambia kwamba maisha hayangojei ushahidi. William James, Mmarekani, alimjibu Clifford hivyo mwaka wa 1896: mara nyingine tunalazimika kuamini kwanza, kwa mfano katika dini au urafiki, na ukingojea uthibitisho utabaki peke yako. Nakubali. Lakini James mwenyewe aliweka mpaka. Ruhusa hiyo ni ya maswali ambayo ushahidi hauwezi kuyaamua. Bushi si fumbo la imani. Kuna shimo, kuna tochi, kuna nusu saa.

Pingamizi zito zaidi ni la pesa. Watu wengi nchini humu wanaendesha vitu vibovu kwa sababu hawana njia nyingine, na kwao kutojua ni kama blanketi la mwisho. Ukimwambia dereva kwamba tairodi imekufa na hana pesa ya kuinunua, umemsaidia nini? Nimelipima hili, na bado naona tunachanganya vitu viwili. Kukosa pesa za kutengeneza si kosa. Kukataa kujua ni jambo jingine. Anayejua na hana kitu bado ana mengi ya kuamua: aende polepole, asiingie barabara kuu, asibebe abiria, aanze kuweka akiba ya kiungo kimoja badala ya kukata tamaa mbele ya bei ya boksi zima. Asiyetaka kujua ameshaamua kwa niaba ya kila mtu aliye barabarani, pamoja na mwenye bodaboda anayekuja mbele yake, ambaye hakuulizwa. Na mara nyingi, kama kwa mjomba, ile hofu ya gharama ni kubwa kuliko gharama yenyewe.

Ninachokiogopa zaidi katika "ndivyo zilivyo" ni jinsi inavyotumia umri kama sababu. Uzee wa gari hauyumbishi gari. Kinachoyumbisha ni kiungo fulani, mahali fulani, ambacho mkono unaweza kukigusa. Umri unatuambia tu tuangalie mapema zaidi, lakini sisi tunautumia kutuambia tusiangalie. Tunafanya hivyo hivyo na watu. Baba anayefokea watoto hadi wanajikojolea: ndivyo alivyo. Ofisi ambayo faili haisogei bila kitu kidogo: ndivyo ilivyo. Nchi nzima, kila baada ya uchaguzi: ndivyo tulivyo. Kila mara kuna aliyezoea akieleza, na kuna mgeni, au mtoto, au mama wa kiti cha nyuma aliyeuliza na akachekwa. Sidai kwamba mambo hayo hutengenezeka kwa bei ya tangi la petroli. Nasema tu kwamba yana viungo, na kwamba hakuna aliyeshuka shimoni.

Basi jibu langu kwa swali la mwanzo ni ndiyo. Mtu anaweza kuwakosea wenzake kwa kuamini tu, pale ambapo amepewa nafasi ya kujua naye akaikataa, na wengine ndio wamekaa kwenye viti vya nyuma. Dawa yake haihitaji falsafa nyingi. Mtu akikuuliza mbona usukani unazunguka hivyo na barabara ni nyoofu, jibu la heshima ni fupi: "Sijui, Mama. Nitaliangalia." Halafu uliangalie kabla ya Jumapili.